Debe la Mawe

Nyakato, saa kumi na moja alfajiri. Umeme umerudi.
Nabonyeza swichi. Inaanza feni, linafuata chekeche,
kisha ile meza ya bati inayotetemeka kama mwenye homa,
na pembeni yake debe, likipokea kijiwe cha kwanza:
ti.
Debe tupu haliachi kuvuma.
Hili, kufika saa nne, litakuwa limenyamaza.

Mahindi ya Sengerema huja na udongo mwekundu.
Ya Magu huja na majani, na vipande vya kamba.
Mtama wa Kwimba usiniulize:
huanikwa kando ya lami
ukaja na lami yenyewe.
Juzi sumaku ilinasa ndoano ya sangara, uzi ukining'inia,
nikajua gunia lile lilivuka maji
likiwa limekaliwa na mtu aliyechoka.

Misumari saba, nati moja, kizibo cha soda:
hivyo sumaku huviita kwa jina.
Mawe haiyajui. Mawe ni kazi ya meza.
Hupuliza kutoka chini, hutikisa,
punje inaelea, inateremka,
na jiwe linapanda.
Ndiyo, linapanda. Mwaka mzima sijazoea:
kizito kinakwenda juu, chepesi kinashuka.
Nilimweleza mama, akasema,
"Mashine ya wapi hiyo? Hapa kwetu ni kinyume."

Mama, Nkwimba ng'wana Masunga,
alikaa miaka kumi na tisa mlangoni pa kinu hikihiki,
ungo mapajani, yeye na wenzake sita,
shilingi mia kwa debe, baadaye mia tatu.
Vidole vyake viliona kabla ya macho.
Alikuwa akipiga soga, akicheka, akimkaripia mtoto,
na kijiwe kinaruka chenyewe nyuma ya bega.
Mtoto yule ni mimi.
Nyuma ya bega ndiko nilikokaa.

Mashine ilipofika, imefungwa kwa mbao,
wanawake wale walikunja khanga zao, wakaaga.
Holo alifungua meza ya dagaa Kirumba. Wengine sijui.
Tajiri akaniita mimi, mwenye cheti cha ufundi.
Nilikubali. Nilikubali haraka.
Mstari huo sitaki kuupamba.

Mji wetu umekaa juu ya mawe,
mawe makubwa kuliko msikiti, yamepakatana
kule Isamilo, kule Mabatini,
na nyumba zimeyang'ang'ania kama mbuzi.
Watu huanika nguo juu yake, hufunga madishi,
huzaa, huzika, na jiwe halijageuka upande.
Kisha usiku, kwenye ugali, mtu anauma kijiwe
kidogo kuliko kiroboto,
taya linasimama, nyumba nzima inanyamaza,
na asubuhi tajiri anapigiwa simu.

Siku hizi mama huja jioni.
Nampa debe. Analimwaga kwenye ungo uleule,
maana meza si malaika: katikati ya mawe
hupandisha pia punje, moja moja,
zile nzito, zilizoshiba mvua.
Anazichagua hizo, za kuku wake, anasema,
ingawa kuku nawajua, ni watatu tu.
Zamani alitoa mawe kwenye nafaka,
leo anatoa nafaka kwenye mawe.
Vidole havijaambiwa.

Jana wadudu wa ziwani waliingia, wingu zima,
feni ikakohoa, nikazima.
Kimya kikashuka, na vumbi.
Mama akanyanyuka, akachota kiganja cha mahindi
kwenye mdomo wa mashine, yale masafi, yaliyokwisha kupita kote,
akayageuza mara moja tu,
akarusha kitu nyuma ya bega.

Sikusema neno.
Niliwasha tochi ya simu nikakitafuta sakafuni,
chini ya magunia, kwenye ufa wa saruji.
Nilipoinua uso alikuwa anafunga kitambaa kichwani,
mabega yanamcheka,
nami bado nimepiga magoti.