Riali Moja na Baiza Mia Nne

Baina ya kinyozi na fundi pancha, hapa Ibra,
pana mlango wa kioo uliopasuka pembeni
ukazibwa kwa plasta ile ile inayouzwa ndani.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya samli.
Rafu tatu. Mizani ya kupimia vichanga.
Kiti kimoja cha plastiki, cha mama yangu.

Si kwamba kiliandikwa jina.
Ila Bi Shinuna akiingia, aliyekikalia huinuka.

Mama alikaa Omani miaka hamsini na miwili
akinunua, akigombana, akipatana kwa Kiarabu,
hata uzee ulipomwingia, Kiarabu kikaaga
kama mgeni aliyekumbuka kwao.
Kikabaki Kiswahili cha Mkunazini,
nacho hospitali hakina dirisha.
Alisema, "Moyo wanipapatika."
Nesi akaandika: hofu.

Sajivan, mtu wa Kerala, hakuandika hofu.
Alifumba ngumi na kuifumbua mbele ya kifua chake:
hivi? Au hivi, upesi zaidi?
Kisha akalitia neno daftarini
kwa herufi zao za mviringo, kama jilebi siniani:
papatika. Kichomi. Ganzi. Kiungulia.
Kizunguzungu kilimshinda,
akakiandika mara tatu, kila mara kimezidi silabi,
Mama akacheka hata ushungi ukamteleza.
Kila neno, na mkabala wake safu ya dawa.

Mwezi wa nane, joto arubaini na sita,
tulikuwa na visanduku viwili,
cha buluu kutoka hospitali ya hapa,
cheupe kutoka Maskati.
Kila kimoja tembe moja asubuhi.
Mimi mwenyewe nilimmezesha zote mbili, siku nne.
Sajivan akaviweka sambamba juu ya kaunta,
akavaa miwani, akasoma yale maandishi ya sisimizi.
"Dada, hawa ndugu. Baba mmoja, mama mmoja.
Jina tu mbalimbali."
Kiswahili alichookota kwa Mama, kibovu,
na sijapata kusikia kilicho fasaha zaidi.
Akainua simu akamsubiri daktari dakika arubaini,
wateja wamejaa hadi kwa kinyozi.

Sasa kwenye barabara ya Sur limefunguliwa duka jipya.
Mlango unajifungua wenyewe. Unakata namba.
Pana punguzo, pana pointi, na sisemi uongo:
shampuu yangu nanunua huko.
Nilikuwa themanini na tatu, nikaitwa themanini na tatu.
Kijana mpole. Alinipa nilichokitaka
wala hakuuliza ni cha nani.

Mama alikufa Rajabu, usingizini.
Wiki ya tatu nikapeleka dawa zilizobaki
ndani ya mfuko wake wa kitambaa, bado unanuka udi.
Sajivan alizihesabu moja moja, sijui kwa nini,
kama mtu anayekabidhiwa amana.
Akafungua daftari.
"Dada, wewe waumwa nini?"
"Siumwi. Nimefiwa."
Akaandika, akinong'ona: ni-me-fi-wa.
Kalamu ikasogea hadi safu ya dawa,
ikasimama hapo.
Akaifunika.
Akanivutia kiti.

Nikakaa. Nikauliza deni la Mama.
Riali moja na baiza mia nne,
plasta na mafuta ya mgongo.
Hakusema acha, nami sikungoja aseme.
Nilihesabu, alipokea, akapiga mstari.
Duka lile halilipi kodi kwa dua,
na kesho nataka nilikute wazi.