Sehemu ya Kumi na Moja

Saa kumi alfajiri, Tongyeong, Januari.
Chaza wamerundikwa mbele yetu kama kifusi cha ukuta,
na kabla kisu cha kwanza hakijapenya gamba
Mal-sun ameshamhukumu mwandishi.

"Mwanamke gani huyu, anamuua daktari
sehemu ya kumi na tisa, harusi imeshalipiwa?
Mashuka yameshanunuliwa! Niliyaona kwa macho yangu!"
Anakula yamini kwamba akikutana naye sokoni
atampa vidonge vyake, mbele ya watu.

Glavu za mpira juu ya glavu za pamba.
Ncha ya kisu, pindua, kata msuli, nyama kwenye ndoo.
Tuko kumi na wanne. Tunalipwa kwa kilo;
maoni tunayatoa bure.

Kwa Deok-hwa, mkosaji ni mwongozaji:
kila mtu akilia, mvua inanyesha.
"Mimi nimelia miaka mitatu juani," anasema,
"halikutokea wingu hata la kunichungulia."

Bok-nam hana ugomvi na yeyote.
Anamtazama yule mwigizaji mrefu, mabega yake, basi.
Sauti huizima ili mumewe asiamke,
kwa hiyo hadithi hata haijui, anaitunga mwenyewe,
na ndani ya hadithi yake daktari yu hai
na ana duka la viatu.

Halafu Diem, wa Can Tho, mgeni wetu wa majira mawili,
Kikorea chake chote kimetoka kwenye tamthilia;
anazungumza kama mjane wa tajiri.
Juzi msimamizi alipompunja gramu mia mbili kwenye mizani
alinyoosha shingo, akamwambia taratibu,
"Utaijutia siku hii, wewe na kizazi chako."
Gramu zilirudi.

Wanabishana. Visu havisimami.
Sehemu ya ishirini itakuwa kaburi au ndoto?
Atakayeshindwa atatununulia tambi za moto.
Wanasema mwandishi ni mtu wa Seoul,
ana paka mwenye daktari wake,
hajawahi kushika kitu kinachonuka.

Hapo ndipo mimi huinama kwenye ndoo.

Kwa sababu ya sehemu ya kumi na moja.
Mwishoni, kabla ya tangazo la bima:
mama anaingia nyumbani usiku, mtoto ana homa,
na hamkimbilii. Anapita.
Anaingia bafuni, anakamua dawa ya meno kiganjani,
anasugua, katikati ya vidole, chini ya kucha,
anasuuza, ananusa. Anarudia.
Ndipo anaweka mkono kwenye paji la uso.
Kazi yake haikutajwa popote.
Sekunde arobaini, labda. Mvua haikunyesha.

Kesho yake hapa tulijadili koti la daktari.

Nani alimwambia mwandishi habari ya dawa ya meno?
Mimi sikumwambia mtu.
Gi-cheol alikuwa na miaka minne, koo limevimba,
alisema, "Mama, usiniguse, unanuka bahari,"
na mimi nikacheka, nikaenda bafuni.
Siku hizi yuko Incheon, anauza vioo vya magari.
Usiku ule wa sehemu ya kumi na moja nilimpigia simu.
Nikamuuliza kama amekula.
Amekula.

"Na wewe, mbona kimya?" Mal-sun ananigeukia,
kisu hewani, maji yanamtiririka hadi kiwikoni.
"Mwandishi anajua kazi au hajui?"

Ulimi ulikuwa tayari. Nikaumeza.
"Mashuka," nikasema, "wangeyarudisha dukani."

Banda zima likaangua kicheko,
Bok-nam akalazimika kukalia ndoo iliyopinduliwa.
Mimi pia nilicheka, sitakudanganya.
Diem peke yake alikuwa amevua glavu kwa mapumziko.
Aliinua vidole, akavinusa,
akaniuliza, kwa ile sauti ya mjane wa tajiri,
ni aina gani.

Nikamwambia ile ya mnanaa. Ya bei rahisi.