Mteja Wetu Mpendwa

Tangazo niliandika mimi, ghorofa ya tatu, Kaunas,
mvua ikipiga kioo, chai ikipoa:
"Mteja wetu mpendwa, kuanzia tarehe kumi na nne Machi
huduma ya simu ya waya katika eneo lako itakoma.
Namba yako haitabadilika. Huna haja ya kufanya lolote.
Ukisikia mvumo redioni, sogeza simu ya mkononi
umbali wa mita moja. Asante kwa kuwa nasi."

Nakala elfu mbili mia nne na kumi na moja.
Sikuwaza kwamba kila nakala ina mlango wake.

Wiki ya tatu, bahasha moja ikarudi
kutoka Pagirėliai, ng'ambo ya msitu wa misonobari.
Ndani, tangazo langu, limesahihishwa kwa penseli
kama insha ya mtoto wa darasa la nne.
Pembeni mwa "mpendwa": Nani kakwambia?
Chini ya "itakoma": Andika "tutaikata."
Waya haukomi wenyewe. Kuna mkono.
Chini ya "huna haja ya kufanya lolote"
mistari miwili mizito, karatasi karibu itoboke,
na hakuna neno.
Kisha sahihi: Genovaitė Stulgienė,
opereta, ubao wa tatu, 1961 hadi 1992.

Nikaenda. Haikuwa kazi yangu kwenda.
Basi la saa tano, halafu kilomita mbili kwa miguu,
theluji ya mwisho imegeuka uji.
Alifungua, akanitazama viatu kwanza.
"Wewe ndiye 'Asante kwa kuwa nasi'?"
"Ndiye mimi."
"Ingia. Funga mlango, joto linatoka."

Simu nyeusi juu ya kitambaa cha kufuma,
nzito kama pasi ya mkaa.
Kando yake redio. Kando ya redio, simu ya mkononi
aliyoletewa na mjukuu wake Tautvydas kutoka Bergen,
usoni bado ina plastiki ya kiwandani.

Akanieleza ubao: matundu mia, kamba arobaini,
wilaya nzima ikipita viganjani mwake.
Alijua aliyefiwa kabla kengele ya kanisa haijajua.
Alijua nani humpigia nani mume akiwa zamu ya usiku.
"Nikanyamaza. Siri ukiiuza, umeitoa bure."
Akanimiminia chai ambayo sikuiomba, akaongeza sukari
bila kuuliza vijiko vingapi.

Hapo redio ikaanza:
ta-ta-ta, ta-ta-ta, nyigu ndani ya kopo.
Nikainuka haraka niisogeze simu,
mita moja, kama nilivyoagiza wateja.
Akanishika kiwiko. "Iache. Sikiliza."

Moja. Mbili. Tatu.
Simu ya mkononi ikalia.

"Umeona? Hii nyeusi hupasuka ghafla, moyo ukaruka.
Hii inabisha hodi kwanza, kule redioni.
Mtoto yuko njiani, nasikia nyayo zake hewani
kabla hajatamka neno.
Na wewe umewaandikia watu wamfukuze mlangoni."
Kisha akapokea, mgongo ukanyooka,
sauti ikarudi miaka sitini nyuma:
"Umeunganishwa. Ongea."

Nilirudi ofisini na rasimu mpya.
Bwana Rimgaudas, msimamizi wangu, aliikata yote
(habari za hodi alizichora duara jekundu na alama ya kuuliza)
akabakisha neno moja, nadhani kwa kupitiwa:
tutaikata.

Tarehe kumi na nne, dakika nne kabla ya saa sita,
nilizungusha namba yake, ile ya waya.
Akainua kabla ya mlio wa pili.
"Ubao wa tatu."
Nilikuwa nimeandaa maneno. Yakaniishia.
Hakuuliza ni nani.
Tukasikiliza ule mchirizo mwembamba wa shaba,
yeye huko, mimi huku, hakuna aliyekata,

na kwenye meza ya jirani yangu, dirishani,
kijana mgeni ambaye sijajua jina lake
akatazama saa, akanyoosha mkono.