Kisanduku Kitupu

Ayacucho, mwezi wa tano, ukumbi wa idara ya afya.
Viti vya plastiki, harufu ya rangi mpya na makoti ya sufu.
Wakunga tisini na mmoja tunaitwa kwa alama:
mwenye nyingi huchagua,
mwenye chache huokota.
Mimi ni wa themanini na nne.

Orodha imebandikwa ukutani. Jina la kituo, wilaya, kimo cha mlima,
na pembeni kisanduku cha maelezo,
mtu kajaza kwa wino mwekundu:
Hakuna umeme. Maji ya mto. Basi Jumapili tu.
Nyumba ya mkunga haina paa.
Mbwa wakali.

Mama amepiga simu mara tatu.
"Chagua penye lami, Nélida.
Lami hata iende wapi,
mwanzo wake uko mlangoni kwangu."
Namjibu ndiyo, mama, ndiyo,
huku vituo vya lami vikikatwa kwa rula
kimoja kimoja, kama mikate ya asubuhi inavyoisha dukani.

Rosaura, wa saba, kapata hospitali ya mjini.
Kapita mbele yangu akinikonyeza,
maisha yake tayari yanalia mfukoni kama funguo.
Wilber, aliyenitangulia, kachukua cha mwisho chenye umeme.
Akaniambia samahani.
Samahani ya nini? Ningekuwa yeye
ningekinyakua kwa meno.

"Themanini na nne!"
Kalamu ya karani imesimama hewani.
Mchagua jembe si mkulima, sawa,
lakini haya majembe nane yaliyobaki
hata mpini hayana.
Majina siyaoni, nasoma wino mwekundu tu:
pasipo paa, pasipo daraja, penye mbwa.
Na kimoja, Qollpapata,
kisanduku chake kitupu.
Nikajiambia, hapa hapana kasoro.
Nikatia sahihi.

Kumbe kitupu
kwa kuwa hakuna aliyekaa vya kutosha akaandika.

Delfina alinikabidhi zahanati kwa robo saa,
mizigo yake imeshafungwa mgongoni mwa nyumbu.
Jokofu la chanjo linatumia gesi, usiliamini.
Mwanamke akija kujifungua usimlaze chali,
mpe kamba ile ya darini, ashike, achuchumae.
Usimvue soksi, baridi huingilia miguuni.
Mlango haufungi, weka jiwe.
Nikamuuliza: na wewe, ulipachaguaje?
Alicheka mpaka nyumbu akageuza shingo.

Sasa ni mwezi wangu wa tisa.
Kikechua changu ni cha uchungu tu:
wapi, tangu lini, pumua, sukuma, ni wa kike.
Siwezi kununua kitunguu bila kumuuliza muuzaji
maumivu yalianza saa ngapi.

Usiku wa mvua ya mawe Saturnina aliishika kamba,
mumewe akamkumbatia kiuno kwa nyuma,
mimi magotini, tochi kati ya meno.
Mtoto akatoka kakunja uso
kama karani aliyekatizwa chakula.
Sikulia. Nilikuwa natafuta soksi ya pili,
imemvuka mama katikati ya kusukuma.

Nikipanda kilimani kwenye mtandao
picha za Rosaura huingia zote kwa mkupuo:
mashine mpya, kantini, viatu vyeupe visivyojua tope.
Namwonea wivu. Nisidanganye, namwonea wivu,
hasa kwa yale maji ya moto.

Barua ya idara imeletwa pamoja na magunia ya chumvi:
Utaongeza mwaka? Ndiyo. Hapana. Tia alama.
Na chini yake, maelezo kuhusu kituo.
Siku ya tatu leo iko chini ya jiwe la mlango,
upepo ukivuma, mlango na barua vinatetemeka pamoja.
Ndiyo sijaigusa. Hapana sijaigusa.
Ila kisanduku nimeanza kukijaza:

Umeme hakuna. Maji ya mto, yachemshwe.
Mbwa ni mmoja, anaitwa Jenerali, hang'ati wakunga.
Kamba ya darini ibadilishwe,
imelika pale mikono inaposhika.