Bati la Mkia

Walinitafuta Kadutu, nyuma ya soko,
si kwa jina langu: "Yule mwanamke
anayeziba sufuria bila kuacha kovu."
Nikabeba sanduku la marehemu baba,
nyundo tatu, tindo, kopo la ribiti,
nikashuka nao hadi ziwani.

Ilikuwa imelala juu ya tishari la mchanga,
imetolewa ghuba ya Birava, ilikokwama
tangu babu yangu akiwa kijana wa kubeba kahawa.
Ndege yenye tumbo la mtumbwi.
Magugu yalikuwa bado yameng'ang'ania vielea vyake,
na ndani, palipokuwa na viti vya ngozi,
kuku wa mtu walikuwa wametaga.

Siku ya kuipandisha Muhumba mvua ilitutangulia.
Lori likakohoa, likasita kwenye kona.
Vijana wawili juu ya mgongo wa ndege
wakainua nyaya za umeme kwa mianzi
(hazikuwa na umeme, lakini nani angeapa?),
na mzee Zihindula wa makumbusho akirudi kinyumenyume,
mkono hewani, kama anayemwongoza ng'ombe mwenye mimba.
"Polepole! Hii imeshaanguka mara moja, yatosha."
Muuza sambaza akauliza itaruka lini.
"Haitaruka, mama."
"Sasa mnaihangaikia nini?"
Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tunasukuma.

Miezi saba tuliikwangua.
Chini ya kijivu, samawati.
Chini ya samawati, jina lililochorwa kwa msumari:
RUGENDABANGA. Si rubani. Hayumo kwenye karatasi yoyote.
Labda ndiye aliyekuwa akiipaka grisi usiku.
Zihindula akasema tuliache. Tukaliacha.
Nami niliusoma mwili wake kwa vidole,
ribiti baada ya ribiti, kidole gumba kimoja kati yake,
mstari ulionyooka kuliko barabara yoyote ya mji huu,
mpaka mkiani, upande wa kushoto, ulipokatika.
Bati halikuliwa na kutu wala kugongwa na jiwe.
Lilikatwa kwa tindo,
tena tindo lenye pengo jinoni,
linaloacha alama kila pigo, kama nyayo za mtu achechemeaye.

Tindo hilo lilikuwa mkononi mwangu.

"Wezi," akasema Zihindula. "Waliuza kwa bei ya bia."
Nikameza mate.
Nyumbani, juu ya mafiga, sombe ilikuwa ikichemka
katika sufuria ambayo mama hajawahi kumwazima mtu,
nyepesi, na ubavuni mwake
matundu kumi na moja yaliyozibwa, yamejipanga,
kidole gumba kimoja kati yake.
Mwaka wa vita tulikimbia nayo hadi Walungu.
Godoro tuliliacha.
Baba alisema aliitoa ziwani.
Tulijua ziwa linatoa samaki, halitoi sufuria.
Hatukuuliza. Tulikula.

Usiku niliisugua kwa majivu, nikaifunga kitenge.
Alfajiri, kabla ya wengine, nikaishikiza kwenye pengo:
duara juu ya mraba.
Ilikuwa imesahau kabisa kuwa mkia.
Sikumsikia Zihindula akiingia.
Alitazama sufuria, akatazama tindo,
akayapima matundu kwa gumba lake, moja, moja,
mpaka la kumi na moja.
Nilingoja lile neno la jana.
"Inaivisha vizuri?"
"Maharagwe, saa moja na nusu."
Akavua miwani, akaifuta kwa shati lenye grisi,
ikazidi kuchafuka.
"Basi kata bati jipya."

Nililikata kwa tindo lilelile.
Ukingoni sikupitisha tupa.
Atakayeinama karibu, siku watakapofungua milango,
ataziona nyayo za mchechemeaji
zikizunguka kiraka kinachong'aa,
na huenda akadhani fundi alikuwa mzembe.

Saa sita niliteremka na sufuria kichwani.
Mama alikuwa ameshawasha moto.
Hakuniuliza nilikokwenda nayo.
Alisema tu, "Maji ya bugali yamechelewa."