Kasha la Themanini na Nane

Meli ilifika Kilindini ndani ya tumbo la meli nyingine,
imekatwakatwa kama ng'ombe wa harusi:
omo kasha lake, tezi kasha lake,
mkuku umelazwa juu ya majani makavu,
kila kipande na namba yake ya rangi nyeupe.

Baba ndiye aliyeihesabu.
Mwinyihaji Kombo, karani wa gatini,
na kalamu ya zambarau, ile inayolambwa kwanza
ndipo ikubali kuandika.
Siku tatu alihesabu, siku tatu akala wali
kwa ulimi wa rangi ya biringani.
Karatasi ilidai vipande elfu moja mia tatu na kumi na viwili.
Yeye alipata kumi na kimoja.

Akalirudia kasha la themanini na nane,
akamwaga bolti zote juu ya gunia, akazipanga
kumikumi, kama mtoto na kokwa za ukwaju.
Moja haipo.
Msimamizi, Bwana Fonseka, alitazama saa;
garimoshi lilikuwa likipumua Shimanzi.
"Kombo, meli haizami kwa bolti moja.
Andika kamili."
Akaandika kamili.
Herufi sita. Nimeziona. Ya mwisho imetoboa karatasi.

Mabehewa yakavuka Makupa, yakapanda nyika,
na huko Kisumu wakaiunga, wakaipa jina
la mnyama asiyejua maji: Kongoni.
Miaka ishirini na tisa ilibeba sukari, saruji, pamba,
na mara moja, nasikia, kinanda cha padri.
Baba hakuliona ziwa hilo maishani.
Alisema ni bahari isiyo na chumvi,
na kisicho na chumvi huoza.

Bolti yenyewe ilionekana baada ya miezi miwili,
seremala alipong'oa mbao za sakafu ya ghala.
Baba aliandika barua Kisumu. Akaandika ya pili.
Akaileta nyumbani Kuze ndani ya leso,
akaiweka dirishani, mwenyewe akija aikute.
Mwenyewe hakuja.
Mama, asiyependa kitu kukaa bure,
akaanza kupondea iliki.

Chai yetu yote ya utotoni, basi,
ilipita chini ya meli.

Redio ilitangaza Jumanne, kabla ya bei za kahawa:
Kongoni imegonga mwamba usiku,
watu kumi na mmoja,
na magunia ya saruji yaliyokunywa maji
yakaganda humo humo tumboni,
ikawa meli ya mawe, hainuliki.
Baba aliomba bolti.
Mama akampa, inanukia iliki.

Tume ikasema: mwamba, taa mbovu, shehena kupita kiasi.
Baba alisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo,
akitafuta neno bolti. Halikuwemo.
Asiyeshtakiwa ataomba radhi kwa nani?
Tangu hapo akahesabu kila kitu,
ngazi za msikiti, tende za futari,
na usiku, vichwa vyetu mkekani.
Tulikuwa watano. Mara nyingine alipata wanne,
akaanza upya, polepole, akitugusa mmoja mmoja,
nasi tukijifanya tumelala.

Ougo, fundi wa friji, kwao ni kule,
aliniambia ziwa likipungua mlingoti huonekana,
minandi huuchafua,
na ngege huzalia ndani ya mashimo ya saruji.
Wavuvi wameisahau Kongoni; wanapaita Kwenye Jiwe.

Daftari sasa ni langu, na kalamu, kipande cha kidole.
Jana nililamba ncha, ikaniwasha,
nikapiga mstari juu ya kamili, nikaandika pembeni:
pungufu, moja.
Ipo Kuze, jikoni, juu ya kopo la sukari.

Leo muuza maziwa ameniuliza nimekula nini,
ulimi umekuwa hivi.
Nikamwambia zambarau.
Akasema, si msimu wake.