Kumi na Saba

Tulipiga kura kwa visoda ndani ya kofia,
mkono wangu ukatoka na kumi na saba.
Kikundi kizima kiliguna.
Bosibori akanishika bega kama mfiwa.

Kumi na saba ni la mwisho, kando ya reli,
misimu mitatu halijaonja jembe,
magugu yamefika kifuani, na penginepo
yamenipita, yananitazama utosini.

Nilikwenda Jumatatu na panga la kuazima.
Miaka ishirini na miwili nimechambua pareto kiwandani,
ua kwa ua, vumbi lake likinikaa kooni.
Kiinua mgongo, wanasema, kiko njiani.
Basi mgongo nikauinamisha.

Kishona nguo kilinipokea mlangoni.
Ndago niliivuta ikakatika shingoni,
mbegu yake ikabaki chini, imetulia.
Lakini sangari! Sangari ni ukoo:
unavuta uzi mweupe hapa,
majani yanatikisika kule kwa jirani.
Niliikatakata kwa hasira.

"Umeizalisha," akasema Bosibori
toka shamba lake lililochanwa kama nywele za bi harusi.
"Kila kipande sasa kina kitambulisho chake.
Ing'oe nzima. Ianike. Kesho igeuze, uianike tena."

Kufikia saa sita nilikuwa na hatua nne.
Hatua nne!
Udongo wa Nakuru mwepesi, majivu ya mlima wa kale,
ukiupiga unafuka moshi,
na upepo wa Menengai unauchota
unakurudishia machoni.

Ndipo jembe likanasa.
Si mzizi. Kamba ya nailoni, ya buluu,
imefungwa kwenye kigingi cha mkaratusi,
imekaza bado, imepita chini ya majani yote yale
hadi kigingi cha pili.

"Nani huyu?"
Bosibori aliinamia vitunguu vyake.
"Githaiga wa posta. Alisema anakwenda kuleta mbegu."
Hakuongeza neno, nami sikumchimba.

Kamba sikuifungua.
Niliifuata kwa magoti, nikisafisha kando yake
upana wa kiganja, kama mtu apangusaye kioo cha picha,
na hapo, bila kupandwa na mtu,
mnavu: mashina saba, maua madogo meupe.
Panga lilishuka, likasita hewani.
Kikundi kimeandika kwenye daftari:
sukuma wiki, spinachi, vitunguu. Mengine yote yang'olewe.
Nikaruka mashina saba.

Jioni nilipika konzi moja kwa maziwa.
Uchungu wake ulikuwa wa haki.
Kisha nikakaa karibu na taa
nikichomoa vishona nguo kwenye pindo la leso,
kimoja kimoja, kama pareto,
nikivitia jikoni, vikilia tiki, tiki.
Nilihesabu mia mbili na kitu, macho yakakataa.

Asubuhi Nasipondi akaja amekunja uso,
soksi moja mguuni, moja mkononi.
"Kukhu, nini hii inanichoma?"
Sindano moja nyeusi,
imeinua mikono yake miwili kama mwenye jibu,
tayari kwenda shule.